Reli ya Usambara ambayo haijawahi kupanda Usambara

Kwa bibi, nje kidogo ya Muheza, kuna chuma kimelazwa juu ya mtaro nyuma ya jiko, ndo daraja letu la kwendea bafuni. Nimekikanyaga tangu najifunza kutembea na sikuwahi kujiuliza kimetoka wapi, kwangu kilikuwa chuma tu cha bibi. Kina urefu wa mtu mzima aliyelala, kimekunjwa kama mtumbwi uliopinduliwa, na huku na huku kina matundu yaliyoliwa na kutu. Siku moja, nadhani nilikuwa darasa la tano hivi, babu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akakigonga kwa fimbo, kikalia ngaa kama debe, akasema "hili taruma lina njaa". Taruma ni kile kipande kinacholazwa chini ya reli mbili kuzishikilia. Nikacheka, chuma kinaonaje njaa babu? Akaniambia kaa hapa.

Babu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotembea na njia toka alfajiri wakikaza bolti na kushindilia kokoto. Akanieleza kwamba taruma la chuma lina tumbo, lile tumbo linatakiwa lijazwe kokoto na kushindiliwa mpaka lishibe, ukiligonga likujibu kwa sauti nzito na fupi, du. Likilia ngaa ujue chini kuna uwazi, limelala na njaa, na treni ikipita juu yake reli inacheza, ikicheza leo na kesho na keshokutwa ndo unasikia behewa limelala porini. Kwa hiyo yeye miaka yote kazi yake ilikuwa kulisha mataruma, ndo alivyokuwa anasema. Nikamuuliza kwa nini wasiweke mbao tu, akajibu neno moja, "mchwa", akarudi kwenye tumbaku yake.

Hilo neno moja nilikuja kulielewa ukubwani nilipoanza kusoma soma habari za hii reli. Wajerumani walileta mataruma ya chuma kwa meli kutoka kwao, na hapa wamezungukwa na misitu pande zote! Mchwa wa huku kwetu Bondei hawana utani, mbao unaweka Januari, Desemba unakuta maganda.

Sasa nimeamua niandike maana siku hizi ukitaja treni kila mtu anawaza mwendokasi tu, SGR, umeme, Dodoma unafika saa ngapi, na mimi sina ugomvi na mwendokasi, nimepanda na nimefurahi. Ila reli ya kwanza Tanzania bara haikuanzia Dar jamani. Ilianzia Tanga mwaka 1893, wakati ile ya kati kutoka Dar imekuja kuanza 1905, yaani tumewatangulia miaka 12. Na iliitwa Reli ya Usambara. Na hapo ndo pana kitu kimenikwama kama mwiba wa samaki kooni: reli inayoitwa ya Usambara haijawahi kupanda milima ya Usambara hata siku moja.

Angalia inavyopita. Inatoka Tanga, Pongwe, Ngomeni, Muheza, inazunguka mkia wa Usambara Mashariki kwa chini, Mnyusi, Korogwe, alafu kuanzia hapo ukuta wa Usambara Magharibi unaisindikiza mkono wa kulia kituo baada ya kituo, Mombo, Mazinde, Mkumbara, Buiko, kushoto huku una bonde la mto Pangani, kisha milima ya Pare nayo hivyo hivyo, Hedaru, Makanya, Same, mpaka Kahe na Moshi. Kilomita 350 na ushee. Milima yote hiyo reli imeitazama tu kwa chini kama mtoto anavyotazama embe la juu.

Nikasema huyu Mjerumani alikuwa anatudanganya au?

Hapana, hesabu zilimshinda. Kampuni ya hiyo reli ilianzishwa Ujerumani mwaka 1891 na wazo lenyewe lilikuwa kahawa. Walikuwa wameanza kufungua mashamba ya kahawa kule juu Usambara Mashariki, pale mvua haikatiki na msitu umefunga, wakaamini udongo unaobeba miti mikubwa vile utabeba na kahawa. Kumbe ule udongo ukishaondoa msitu ni maskini tu, kahawa ikadoda. Lakini reli tayari imeshaanza kujengwa kuifuata.

Na ilijengwa kwa mwendo wa kinyonga. Wameanza 1893, Muheza wamefika 1896, kilomita 40. Gawanya mwenyewe, ni kama mita 40 kwa siku, mwanamke mwenye ndoo kichwani anazimaliza kabla hujamaliza kumsalimia. Hela ikaisha, kampuni ikashindwa, mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe wakafika 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 18 toka jembe la kwanza mpaka Kilimanjaro. (Na kwa kuwa nimetaja hela, hilo neno lenyewe ni la enzi hizo hizo, ile senti ya Mjerumani iliyoanza 1904 iliitwa Heller, sisi tukaifanya hela na tumebaki nayo mpaka leo, Mjerumani ameshaondoka zamani.)

Mwaka 1893 una mambo yake lakini. Mwaka huo huo reli inaanza, ndo mkonge unaingia. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1000 kutoka Florida kupitia Hamburg, vilivyofika huku vikiwa hai ni 62 tu. Sitini na mbili! Mashamba yote yale unayoyapita ukitoka Tanga mpaka unachoka kuyatazama, yale majani makali yaliyopangwa kama wanajeshi, mzizi wake ni miche unayoweza kuipanda nyuma ya nyumba na ikaenea. Na mwaka huo huo wataalamu wa Ulaya wakaandika kwa mara ya kwanza jina la kile kiua kidogo cha zambarau kilichotumwa na mkuu wa wilaya wa Tanga, von Saint Paul-Illaire, ambacho leo kipo madirishani mwa bibi za Kizungu dunia nzima na Wajerumani wanakiita kwa jina la Usambara. Kwa hiyo ua limeondoka, mkonge umekuja, reli imebaki katikati.

Turudi kwenye kutopanda. Mi si injinia ila hesabu hii hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko kama tairi la basi, ndo maana treni inavuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo kwenye tambarare, na ndo maana hiyo hiyo inakwama mlimani. Kupanda mita 1 kwa kila mita 40 kwa treni ya kawaida tayari ni mlima mkali. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto, mji wa kule juu milimani, iko kama 1,400. Tofauti mita 1,000. Zidisha kwa 40, unahitaji njia ya kilomita 40 inayopanda bila kupumzika hata kidogo, hakuna pa kupishana, na uipitishe kwenye lile korongo la Soni ambalo hata barabara imepita kwa kujibana ubavuni. Aliyewahi kupanda basi la Lushoto akakaa upande wa dirisha anajua naongea nini, kuna kona pale abiria wote wanakuwa wacha Mungu.

Wakajenga barabara. Reli ikaishia kupita Mombo na mji wa Mombo wenyewe ukawa mkubwa kwa sababu hiyo, mlango wa Lushoto, ambayo Mjerumani aliiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wake.

Ila kuna mtu alishaijua hii siri kabla Mjerumani hajaweka hata taruma moja, naye ni Semboja. Wasambaa watanisahihisha nikikosea heshima. Ufalme wa Kisambaa makao yake yalikuwa Vuga, juu mlimani, na mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki 1862 wanae na wajukuu wakagombana. Semboja, mtoto wa Kimweri, hakuhangaika kwenda kukaa Vuga kwenye ukungu, yeye alijenga Mazinde, chini, tambarare, kwenye jua kali, pale pale njia ya misafara ya kutoka Pangani kwenda bara ilipokuwa inapita. Nguo zinapita kwake, bunduki zinapita kwake, pembe zinapita kwake. Mwenye njia akawa na nguvu kuliko mwenye kiti. Miaka 40 baadaye reli ikaja ikapita njia ile ile na ikaweka stesheni Mazinde. Kila nikipita pale nawaza huyu mzee angekuwa hai angekuwa anakusanya ushuru wa mabehewa.

Kwa hiyo badala ya reli kupanda, ikabidi mlima ushuke. Na namna walivyoushusha ndo sehemu ninayoipenda mimi.

Ya kwanza iko Mkumbara. Juu yake kabisa, Shume, kulikuwa na msitu wa mierezi, ile miti ya mbao nyekundu inayonukia, na Ulaya walikuwa wanaitaka kwa ajili ya penseli. Kutoka Shume mpaka stesheni ya Mkumbara ni kama mita 1,500 za kushuka, ni genge lile, mbuzi mwenyewe anafikiria mara mbili. Kampuni ya Wilkins na Wiese ikawaita Bleichert wa Leipzig, mabingwa wa kamba za angani, wakafunga waya wa chuma juu ya minara kama kilomita 9, magogo yananing'inia yanashuka angani mpaka pembeni ya reli. Fikiria wewe ni mzee wa Kisambaa unapalilia mahindi yako, unainua kichwa unaona gogo linapita juu ya shamba lako kimya kimya linaelekea Ujerumani kuwa penseli. Alafu mtoto wa mtu huko anaandikia barua.

Ya pili ni ile ya Sigi, na hii ni ya kwetu Muheza kwa hiyo mniruhusu nirefushe.

Pale Tengeni, reli kubwa inapopita, ilichepuka reli ndogo. Reli kubwa upana wake ni mita 1, hii ndogo sentimita 75. Ilijengwa kati ya 1904 na 1910, kilomita kama 23, kuingia msituni kufuata magogo, na ikawa pia ndo njia ya kufikia Amani ambapo Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Hii angalau ilijaribu kupanda. Ilipanda kwa zigizaga, yaani treni inaingia mpaka mwisho wa njia ubavuni mwa kilima, inasimama, mtu anageuza njia, alafu inapanda kinyumenyume kipande kinachofuata, inasimama tena, inaenda mbele tena. Kama mtu anayepanda ngazi na kitanda mgongoni. Na pamoja na jasho lote hilo iliishia Sigi, kama mita 450 juu ya bahari, Amani yenyewe iko juu zaidi karibu mita 900. Mlima una kichwa, kifua na magoti, treni ilifika magotini.

Niliwahi kwenda Sigi mwaka juzi kwa makusudi ya kuiona. Ni kama kilomita 25 kutoka Muheza, nikachukua bodaboda, kijana mchangamfu sana, tukapatana bei, tukatoka. Tulipokaribia Kisiwani tairi la nyuma likapasuka. Hana pampu, hana kiraka, ana redio tu. Akaniambia "bro tangulia nitakukuta", nikatangulia kwa miguu, na hakunikuta, ila namshukuru kwa sababu ukitembea ndo unaona. Barabara ina vipande fulani imetulia sana, kona zake pana na za upole, haipandi kwa pupa kama njia za watu zinavyopanda. Njia ya mguu ikitaka kupanda inapanda. Tuta la treni linapanda kwa adabu. Nikawa nasimama kila kona najiuliza hapa ndo palikuwa njia au nimejipa tu imani, mkono wa kushoto mto Sigi unanguruma chini, maji yale yale wanayokunywa watu wa Tanga mjini bila kujua yametoka wapi.

Na ukifika unaikuta nyumba ya stesheni masta. Ipo mpaka leo, imekarabatiwa, ndo kituo cha wageni cha hifadhi ya Amani. Nilisimama mbele yake kama mjinga nikitafuta reli. Hakuna. Stesheni masta amebaki na nyumba, treni imeondoka na reli zake. Mbele ya nyumba badala ya mluzi unasikia hondohondo. Mhifadhi mmoja akaniona nazubaa akanisalimia vizuri, akaniuliza "umekuja kuona vipepeo?" nikamwambia nimekuja kuona treni, akanitazama kwa huruma.

Sasa mkonge. Kahawa ilishindwa, magogo yana mwisho, aliyeilipia reli hii mkate ni mkonge. Ukitaka kujua kwa nini mkonge na reli ni chanda na pete, kamata jani moja la mkonge, zito, limejaa maji. Katika kilo 100 za majani, singa, yaani nyuzi zake, unazopata ni kama kilo 4. Nyingine zote 96 ni maji na makapi. Huwezi kusafirisha maji kwa treni mpaka bandarini, lazima uchakate pale pale shambani, na majani lazima yatoke shambani haraka kabla hayajakauka. Ndo maana kila shamba likawa na vireli vyake vidogo, vya toroli, vimetandazwa katikati ya mistari ya mkonge kuelekea kwenye korona. Na vijana wa sasa msishtuke, korona ni jina la mashine ya kuchakata mkonge, tumelijua Tanga miaka mingi kabla ya ugonjwa. Ule ugonjwa ulipokuja kuna mzee mmoja kijiweni alisema "mimi nimefanya kazi korona miaka 20 na sijaugua".

Kwa hiyo fuata safari yake: toroli inatoa majani shambani, korona inatoa singa, singa zinafungwa robota, robota linapanda behewa, behewa linaenda Tanga, meli inachukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuna nchi duniani iliyokuwa inatoa mkonge kuishinda Tanganyika.

Na watu je? Mkonge haujikati. Wenyeji wa huku, Wabondei na Wasambaa na Wazigua, wengi walikuwa na mashamba yao hawakuwa na shida ya kwenda kukata majani yenye miiba kwa mtu. Ndo wakaletwa manamba. Unapewa namba, unapewa mkataba, unaitwa kwa namba yako, ndo jina likatoka hapo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi kabisa ya kuwatafuta na kuwasafirisha, watu wakaiita Silabu. Na hapa kuna kichekesho kichungu: mtu wa Kigoma alikuwa anaweza kupanda treni kwao mpaka Dar, lakini Tanga hawezi kufika kwa treni, kwa sababu mpaka mwaka 1963 reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa hazijuani. Ndugu wawili nyumba moja hawasalimiani. Kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi, karibu kilomita 190, kimejengwa baada ya uhuru. Kabla ya hapo reli ya Tanga rafiki yake alikuwa Mombasa.

Kwa nini Mombasa? Vita. Novemba 1914 Waingereza walileta kikosi kikubwa kutoka India, watu kama 8,000, wakashuka Tanga wakijua ni chai tu maana Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu. Ila walisahau reli. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashusha askari wake kutoka upande wa Kilimanjaro kwa treni, garimoshi juu ya garimoshi, na lile bonde la kuchimba ambalo reli inapita kuingilia mjini likawa handaki la vita lililokuwa tayari. Alafu nyuki nao wakaingia, mizinga yao ilivurugwa na risasi, wakauma bila kuuliza uraia. Waingereza wakarudi melini. Tanga wameichukua Julai 1916, baada ya Wajerumani kurudi nyuma wakiifuata reli na kuing'oa. Hata vile vireli vya toroli vya mashamba vikang'olewa vikaenda kutandazwa kutoka Mombo kuelekea Handeni kubeba mizigo ya jeshi, na injini yake ni binadamu, watu wanasukuma. Huku Waingereza nao walikuwa wanajenga reli yao kutoka Voi kuja Kahe, wakaunganisha. Wakaja kuongeza Moshi mpaka Arusha 1929. Ndo ukawa mzunguko, ndo miaka ile mtu wa Korogwe Mombasa anaijua kuliko Dar.

Moshi wenyewe ni mtoto wa reli, sijui kama wenyewe wanapenda kuambiwa. Moshi ya asili iko juu mlimani, Old Moshi. Treni ilipogoma kupanda, mji ukashuka ukaja kukaa stesheni. Mlima umeshuka tena, mnaona?

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, kipande cha Voi kikalala, shirika la reli la pamoja likagawanywa. Bei ya mkonge ilikuwa imeshaanza kuanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, mashamba yakaota pori, na reli isiyo na mzigo ni kama bomba lisilo na maji. Miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma. Watoto waliozaliwa Muheza baada ya hapo walikulia na reli kama njia ya kwenda shule kwa miguu, na mahali pa kuanika mihogo.

Desemba 2019 abiria wakaanza tena kutoka Dar mpaka Moshi, na Oktoba 2020 mpaka Arusha. Nilifurahi kama mtoto. Ila ramani ina utani wake, treni hiyo ikitoka Ruvu ikifika Mnyusi inapinda kushoto kwenda Korogwe. Muheza, Ngomeni, Pongwe, Tanga, kule reli ilikozaliwa, inapaacha kulia. Waja leo waondoka leo, tunasema Tanga. Huyu hata kuja hajaja.

Niliporudi kutoka Sigi siku ile nilipitia kwa bibi, nina vumbi mpaka kwenye kope. Akaniuliza nilikuwa wapi nikamwambia nimeenda kutafuta reli ya babu, akasema reli ya babu yako si hiyo hapo unaikanyaga kila siku mume wangu, akaingia ndani kuniwekea chai. Nikabaki mwenyewe na lile taruma. Nikaligonga kwa kisigino, ngaa. Sijui nini kiliniingia, nikachukua jembe, nikaokota kokoto zote zilizobaki pale walipojenga choo kipya, nikalala kifudifudi nikaanza kuzisokomeza chini yake kwa mpini, upande huu na upande ule, natumia nusu saa nzima, shati limeisha. Nikagonga tena.

Du.

Nimekaa nakunywa chai yangu kwa raha zote, mara nasikia bibi huko nyuma kamwaga maji ya vyombo, kimya kidogo, alafu sauti: "Nani kaziba mtaro wangu?"